Baba Mwenye Nyumba ni Mimi

Nimenunua umeme wa elfu kumi. Siku zote inanipa yuniti 28 na chenga. Leo zimekuja 23.9. Nimezima simu, nimeiwasha, 23.9 ile ile. Kumbe ni tarehe mosi, na wa kwanza kununua ni mimi.

Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, na anayenunua wa kwanza mwezi huo ndiye anakatwa. Nyumba ya kawaida ilianza na buku kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Ghorofa wana yao, siwahurumii. Kuna na VAT asilimia 18, REA wa umeme vijijini 3, EWURA wasimamizi wa nishati 1. Hizo nimeshazizoea kama mashemeji. Lakini kodi ya majengo? Jengo langu mimi liko wapi? Nina kitanda, feni na sufuria mbili, moja haina mfuniko.

Nilishamfuata mwenye nyumba, anirudishie japo kwenye pango. Akaniambia, "Mwanangu, mvua ikinyesha, hilo bati linamkinga nani?" Nikamwambia, "Mzee, linavuja." Tukaachana hapo.

Sasa sisi tuko vyumba vinne, mita moja, na sheria yetu ni kwamba aliyezidiwa ndiye ananunua. Basi mwisho wa mwezi mita ikianza kulia, nyumba nzima inalala saa moja jioni. Hakuna anayekohoa. Tulikuwa tunamtegemea mama wa barafu, maana friji haina subira. Mwezi huu katuweza: kahamishia barafu zote kwa dada yake mtaa wa pili, karudi anajipepea mlangoni.

Nikasema sishindwi, nikatafuta kibatari. Muuza duka kataja bei ya mafuta ya taa, nikamuuliza kama ni ya kupaka. Nikakumbuka: 2011 ushuru wake ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, eti wachakachuaji wasiyachanganye na dizeli. Mimi gari sina, dizeli sijawahi hata kuinusa vizuri, lakini uchakachuaji naulipia.

Saa tatu usiku, joto la Dar, mbu wanapokezana, mechi imeshaanza. Nikanunua.

Nilipomaliza kuingiza namba, vyumba vyote vinne viliwaka kwa mpigo. Redio tatu. Pasi. Mama wa barafu akapita dirishani na ndoo kichwani, anarudisha mzigo wake.

"Asante, baba mwenye nyumba."