Eti Mama Kabadilika Uzeeni

Mjomba katuma sauti ya dakika nne kwenye grupu la ukoo. Kiini chake: "Dada siku hizi si yeye." Kosa lenyewe? Kwenye kikoba katibu alimwandika "Mama Rehema", kama anavyoitwa kila mahali tangu nizaliwe mimi. Mama akamwambia futa, andika Mwanaidi. Nilikuwepo. Kalamu ilibaki hewani. "Mwanaidi ndiyo nani?"

Ndiyo nani! Wamekaa mtaa mmoja miaka 26.

Mjomba akamalizia na ile ya samaki mkunje angali mbichi, yaani mama kashakauka, akijikunja atavunjika. Methali hiyo ni ya kulea watoto jamani, si hukumu ya watu wazima.

Na huyo mjomba tunamjua. Enzi zake ni bugaluu na dansi kila Jumamosi, kurudi mpaka alfajiri. Leo hampi mwanamke mkono, tasbihi haimtoki. Kuna aliyesema mjomba si yeye? Tulisema ameongoka, tukachinja na mbuzi. Mwanamume akibadilika amekua; mwanamke akibadilika ana jini. (Shangazi kashapendekeza mama akasomewe. Sitanii.)

Mwanamke kwetu anazaliwa binti fulani, anaolewa anakuwa mke wa fulani, anajifungua anakuwa Mama Fulani, anamalizia Bibi Fulani. Kageuzwa jina mara zote hizo na hakuna aliyelalamika, maana hakuchagua yeye. Kachagua mara moja tu, ana miaka 63, ukoo unataka kikao.

Waliosoma ualimu wanamkumbuka mwanasaikolojia Erik Erikson na hatua zake nane za makuzi, toka uchanga mpaka uzee. Mimi hatua zenyewe nilizikariri nikafaulu nikazisahau. Kilichonibaki ni jina. Baba yake mzazi hakumjua. Alikua akiitwa Homburger, jina la baba wa kambo. Mwaka 1939, anaikaribia 40, akapata uraia wa Marekani na akajiita Erikson. Kajichagulia. Naye alipokufa mwaka 1994, mkewe Joan, aliyekwishavuka 90, akaongeza hatua ya tisa. Hao nao wakasomewe?

Haya, nakubali kidogo: tabia haigeuki kama chapati. Mama bado mkali vilevile, bado anafika stendi saa mbili kabla ya basi. Kwa hilo mjomba chukua pointi yako.

Tena niseme ukweli, hata mimi iliniuma. Miaka yote hiyo jina langu ndilo lilikuwa lake, na siku ile nilitazama likikatwa kwa wino wa bluu nikajikuta nameza mate.

Juzi nimekwenda kumsalimia, akanionyesha daftari la kikoba. Katibu, mtu mgumu, kaandika: Mwanaidi (Mama Rehema). Nikamuuliza mbona hajamwambia afute na hayo mabano.

"Hayo ya kwako," akasema. "Lete miwani yangu nihesabu hisa."