Tai wa Rijeka Si wa Kaisari

Meli yetu ilipandishwa chelezoni Rijeka, mji wa bandari wa Kroatia, ikwanguliwe kutu na kupakwa rangi. Sisi tuliobaki kuilinda tukawa tunashuka mjini jioni kwa zamu. Siku ya nne nilikuwa nimesimama chini ya Mnara wa Mji, pale Korzo, barabara kuu ya mjini, namsubiri mwenzangu anunue laini ya simu. Akapita mwongoza watalii na kundi lake, watu kama ishirini hivi. Akanyoosha mwavuli kuelekea kileleni mwa mnara, akawaambia kwa Kiingereza: yule tai wa vichwa viwili ni alama ya Austria, kumbukumbu ya enzi za kutawaliwa. Kisha akawahesabu watu wake, wakaondoka.

Sikusema kitu. Mgeni ni kuku mweupe, nikanyamaza. Lakini neno lile lilinikaa kooni wiki zote tatu, na leo tuko baharini, zamu yangu imekwisha, nalitoa.

Yule tai si wa Austria. Mtazame vizuri kwenye nembo ya mji. Tai wa makaisari wa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, anatazama pande mbili, kichwa kimoja kulia na kingine kushoto. Tai wa Rijeka vichwa vyake vyote viwili vimegeukia upande mmoja. Na hajashika upanga wala fimbo ya kifalme. Amesimama juu ya mwamba, ukucha wake umeshika mtungi uliolala, na mtungi unamwaga maji. Chini kuna neno moja la Kilatini, *Indeficienter*, yaani bila kukauka, bila kukoma. Rijeka maana yake ni mto. Waitaliano waliuita mji huohuo Fiume, na Fiume nayo ni mto. Mto wenyewe upo, Rječina, unashuka kutoka milimani na kuingia baharini palepale mjini. Sasa niambieni, kaisari aliyekaa Vienna ana haja gani na mtungi wa maji ya Rječina? Ule ni mtungi wa watu wanaoishi mtoni.

Najua nitakalojibiwa. Nembo hiyo ilitolewa na Kaisari Leopold I mwaka 1659. Ni kweli, na hilo nalikubali, ingawa kwa shingo upande. Karatasi ilitoka kwake. Lakini hati ya shamba nayo hutiwa sahihi na mkuu wa ardhi, na shamba haliwi lake kwa sababu hiyo. Anayelima ndiye mwenyewe.

Na watu wa Rijeka walimlima tai wao. Mwaka 1906 aliwekwa tai mkubwa juu ya kuba la mnara, na waliompa mji zawadi ile ni wanawake wa Rijeka. Kumbuka mwaka 1906 mji ulikuwa chini ya taji la Hungaria, iliyokuwa dola moja na Austria, nao tangu karne ya 18 ulikuwa umeshikilia kwa meno hadhi yake ya kuwa sehemu inayojitegemea. Tai alikuwa njia ya kusema: sisi ni sisi. Kwa nembo ile hawakuwa Waaustria, wala Wahungaria, wala Waitaliano, wala Wakroatia. Walikuwa watu wa mji huu wenye mto.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia, Septemba 1919, mshairi wa Kiitaliano Gabriele D'Annunzio aliingia Rijeka na askari wake akauteka mji. Novemba mwaka huohuo askari wake wawili walipanda mnarani wakamkata tai kichwa kimoja, ili afanane na tai wa Roma, ambaye kichwa chake ni kimoja. D'Annunzio hakudumu hata mwaka mmoja na nusu. Tai aliyekatwa kichwa alibaki palepale juu miaka thelathini. Fikirieni hilo. Mtoto aliyezaliwa Korzo mwaka 1919 alikua, akaoa, akapata watoto, na kila alipotazama saa ya mnara aliona juu yake ndege mwenye kichwa kimoja na kovu la kingine.

Mwaka 1949 ilikuja zamu ya Yugoslavia. Wao hawakusumbuka na kichwa. Walimwangusha mzima.

Hapo ndipo ninapomkatalia yule mwongoza watalii kwa nguvu zote. Kama tai angekuwa wa Austria tu, Austria iliondoka mwaka 1918, na habari ingeishia hapo. Kwa nini basi waliokuja baadaye, mmoja wa upande huu na mwingine wa upande ule, wote walimwogopa? Wazalendo wa Italia na wakomunisti wa Yugoslavia hawakupatana katika jambo lolote duniani, lakini katika kumshughulikia tai huyu walipatana. Walijua kwamba alikuwa shahidi. Alikuwa akisema kwamba mji ulikuwapo kabla yao na utakuwapo baada yao, na mtu aliyeuteka mji jana hapendi kusikia maneno hayo.

Mwaka 2017 tai mpya alirudishwa juu ya mnara, vichwa vyote viwili. Miaka 68 kileleni kulikuwa kutupu. Watu hawakumsahau.

Nilipata kumshika kwa mkono wangu. Jumamosi moja nilipita kwenye meza za watu wanaouza vitu vya kale, na mzee mmoja alikuwa na beji ya shaba, ndogo kama kifungo cha koti. Ilikuwa imelika pembeni, rangi ya bluu imebaki kwenye mikunjo tu. Mabawa yalikuwa yamesuguliwa mpaka yakawa laini, yaonekana mtu aliivaa miaka mingi na kuipapasa kwa kidole gumba. Lakini mtungi ulikuwa mzima. Ukiigeuza kwenye mwanga unaona mistari mitatu myembamba ya maji, imechongwa na mtu mwenye subira. Mzee alikuwa anajua Kiingereza cha baharia mwenzangu, maana yeye naye alifanya kazi melini. Akaniambia mama yake alizaliwa chini ya Italia, akaolewa chini ya Yugoslavia, akazikwa chini ya Kroatia, na maisha yake yote hakuhama mtaa. Beji ilikuwa ya babu yake. Nilimuuliza kwa nini anaiuza. Akasema watoto wake wako Ireland na hawaijui.

Nilimlipa alichotaka, sikupunguziwa wala sikuomba kupunguziwa.

Tukirudi kwenye nembo na bendera za miji ya pwani ile kwa jumla, kuna jambo la pili linaloniuma, na hili nalisema kama baharia. Baada ya vita vya 1991 hadi 1995 na kupangwa upya kwa serikali za mitaa, Kroatia ilijikuta na miji 127, ukiacha Zagreb, na wilaya ndogo 428 wanazoziita *općina*. Kila mmoja ulihitaji nembo na bendera, na kila moja lazima ipate idhini ya wizara. Kanuni inasema bendera iwe ya rangi moja, urefu mara mbili ya upana, na nembo katikati. Matokeo yake unayaona ukitembea na chombo kutoka bandari hadi bandari: bluu yenye ngao, nyekundu yenye ngao, nyeupe yenye ngao, bluu tena yenye ngao. Ndani ya ngao kuna mtakatifu mdogo au mnara mdogo ambao huwezi kuujua mpaka usimame chini ya mlingoti.

Bendera ilizaliwa kwa ajili ya macho ya mbali. Sisi melini tuna bendera za ishara, moja kwa kila herufi, na hakuna hata moja yenye picha ndogo katikati. Zina mistari, misalaba, miraba, rangi zinazopigana. Ukiona ya manjano tupu unajua ni Q, na unaijua kutoka maili kadhaa kwa darubini hata upepo ukiwa mbaya. Rijeka ya karne ya 19 ililijua hilo. Bendera yake ilikuwa na mistari mitatu, nyekundu iliyoiva, manjano na bluu nzito. Nahodha aliyekuwa akiingia ghuba ya Kvarner hakuhitaji kuambiwa. Leo mji wa bahari unapewa bendera ya kusomwa ofisini.

Nitaitendea haki wizara kwa jambo moja. Kanuni zile zilisafisha uchafu. Enzi ya Yugoslavia baadhi ya miji ilibebeshwa nembo zenye nyota nyekundu na magurudumu ya viwanda. Wasimamizi wa nembo waliirudisha miji kwenye kumbukumbu zake, wakazuia miji miwili isivae ngao moja. Hiyo ni kazi njema na walioifanya walikuwa wajuzi. Lakini kumpa kila mtu shati la mshono mmoja ni njia nyingine ya kumwambia kwamba sura yake haijalishi. Askari wa D'Annunzio alitumia msumeno, kanuni inatumia kalamu. Msumeno ni mbaya zaidi, sibishi. Ila vyote viwili vinatoka kwa mtu wa mbali anayeamini kwamba anajua kuliko wakazi jinsi mji wao unavyopaswa kuonekana.

Na hilo linauma zaidi ukikumbuka taifa lenyewe limejipamba kwa nguo za pwani. Itazame bendera ya Kroatia ya Desemba 1990. Juu ya ngao ya miraba myekundu na myeupe kuna taji la ngao tano ndogo, na tatu kati ya hizo ni za pwani: mistari ya Dubrovnik, vichwa vitatu vya Dalmatia vilivyovaa taji, na mbuzi wa dhahabu wa Istria mwenye pembe na kwato nyekundu. (Vichwa vile vya Dalmatia wanaviita vya chui, ingawa madoa hawana. Katika lugha ya nembo, simba akikugeuzia uso mzima huitwa chui. Kwetu simba ni simba hata akikutazama.) Mbuzi huyo wa Istria namheshimu sana. Istria ingeweza kujichagulia mnyama wa vita. Ikachagua mnyama anayeishi kwenye mawe na kula kinachopatikana.

Miji mingine imepona vizuri. Zadar ina Mtakatifu Krševan juu ya farasi, na anaonekana vilevile kwenye jiwe la Lango la Bara, lililojengwa mwaka 1543 na Michele Sanmicheli. Juu yake kuna simba mwenye mabawa, alama ya Venice iliyokuwa ikiutawala mji, mkubwa, mkuu wa kila kitu. Venice ilianguka mwaka 1797 na simba akabaki pambo. Krševan chini yake bado ana kazi, ndiye aliye kwenye nembo ya mji.

Simba kama hao wa Venice walipigwa nyundo katika mji wa Trogir mwezi Desemba 1932, na watu waliofanya vile walikuwa na uchungu wa kweli. Ng'ambo ya mpaka, Istria, Italia ya kifashisti ilikuwa ikiwanyima Wakroatia hata majina yao. Uchungu wao nauelewa. Mawe nayo nayahurumia.

Na Dubrovnik. Kila tarehe 3 Februari wanatoka na bendera za Mtakatifu Vlaho, mlinzi wa mji wao, wabeba bendera wanashuka kutoka vijijini, na mtakatifu mwenyewe kwenye sanamu zake ameubeba mji mzima mkononi, kuta na minara, kama mtu aliyebeba sahani ya chakula asimwage. Jamhuri yao ilifutwa na jenerali wa Napoleon, Marmont, mwaka 1808. Jamhuri haikurudi. Vlaho hakuondoka. Mwaka 2009 UNESCO iliitambua sikukuu yake. Wala hakuna mwongoza watalii anayethubutu kusimama pale Stradun, barabara yao kuu, na kuwaambia wageni kwamba yule mzee mwenye ndevu ni alama ya utawala wa mtu fulani, maana wenyeji hawatamwacha amalize sentensi.

Hilo ndilo ninalolitaka kwa Rijeka. Mwongozaji yule alikuwa kijana, pengine hajasomeshwa habari hii, na simlaumu yeye peke yake. Lakini anasimama chini ya tai huyo kila siku, na kila siku watu ishirini wanapanda melini wakiwa wamebeba uongo mdogo kuhusu mji ambao hawatarudi kuuona. Mji uwape waongozaji wake karatasi moja tu, yenye miaka minne: 1659, 1919, 1949, 2017. Na picha ya mtungi, iwe kubwa. Na ile bendera ya mistari mitatu ipepee palepale mnarani chini ya tai, iwe na idhini ya wizara au iwe ni kwa siku ya mtakatifu wao Vitus tu, kila Juni 15.

Siku ya kuondoka tulitoka ghubani alfajiri. Nilikuwa kwenye kamba za nyuma, sikupata nafasi ya kuutazama mnara. Beji ninayo, nimeibana ndani ya ukosi wa koti la kazi, upande ambao chumvi haifiki. Serahangi wetu, Mfilipino, aliiona akaniuliza ni ya jeshi gani. Nikamwonyesha maji.