Msimtwishe Mick Jones lawama zote

Mwandishi, kwenye makala yako umembebesha mpiga gitaa Mick Jones mzigo wote wa kuvunjika kwa The Clash, bendi ya Uingereza, eti ndiye aliyeitoa bendi kwenye punk (roki ya kasi na ghasia) akaipeleka kwenye dansi. Hapo sikubaliani nawe. Sikiliza albamu yao Sandinista! ya 1980: santuri tatu, nyimbo 36, rege, dub (rege ya ala na mwangwi), hadi rap ya New York. Bendi nzima ilishahama zamani, si yeye peke yake.

Ni kweli albamu iliyofuata, Combat Rock, ndiyo iliyowagombanisha. Jones alitaka santuri mbili na nyimbo ndefu ndefu, wenzake wakagoma, kazi akapewa prodyuza Glyn Johns akaipunguza mpaka ikaenea kwenye santuri moja. Ukifanyiwa hivyo lazima unune.

Lakini mbona mpiga dramu wao Topper Headon umempa mstari mmoja tu? Muziki wa "Rock the Casbah", wimbo wa albamu hiyo, ni wake: dramu, piano, besi, vyote alipiga mwenyewe studio. Mei 1982, albamu ndiyo kwanza inatoka, akatimuliwa kwa sababu ya heroini. Sasa tazama video ya wimbo huo. Kwenye dramu yupo Terry Chimes, mpiga dramu wao wa zamani, aliyerudishwa kuziba pengo. Kila nikiiona roho inaniuma, wimbo wa jamaa, kiti kakalia mwingine.

Jones naye akafukuzwa 1983, na mwimbaji Joe Strummer mwenyewe baadaye alikiri kuwa walikosea. Hebu isikilize albamu Cut the Crap ya 1985, iliyotengenezwa bila hao wawili, na dramu zake za mashine, halafu uniambie nani alikuwa anaibeba hiyo bendi.