Amplifaya ya baba mkubwa ilipoingia kwenye rozari

Kabla sijaanza mjue mi nina kitambi. Sio cha kutisha, ni kile cha kawaida cha mwanaume aliyeoa na anayekula ugali usiku, nakitaja tu sababu kina kazi yake huko mbele.

Sasa basi. Baba mkubwa kule Mpwapwa alikuwa na mziki. Nikisema mziki namaanisha mziki wenyewe, amplifaya ya Pioneer ya kutoka Japani, uso wa aluminiamu unang'aa, nobu nzito za chuma ukiizungusha moja unajisikia rubani, na spika mbili za mbao kila moja kimo cha stuli. Aliletewa na rafiki yake baharia miaka ya sabini mwishoni, na kumbukeni huku bara televisheni imekuja 1994, kwahiyo mwenye mziki sebuleni ndo alikuwa mwenye mtaa. Mbaraka Mwinshehe alipigwa pale mpaka mbuzi wa jirani wakajua solo linaingia saa ngapi.

Mwaka jana mwezi wa nane nikaenda kumsalimia nikakuta kuku anataga juu ya amplifaya. Nikasema baba mkubwa, hii dhambi. Akasema basi chukua, ila kuku namwacha.

Nikaileta Dodoma kwa basi, nikaifungua mfuniko mwenyewe kwa bisibisi ya jikoni. Vumbi humo ndani lilikuwa la kupanda mtama. Mayai ya mjusi manne, na nge mmoja amekauka amekaa kwenye transfoma kama mlinzi aliyefia lindoni. Nikafunga taratibu nikaipeleka kwa fundi.

Huyu fundi yuko maeneo ya Majengo, mzee, miwani imefungwa na uzi, ofisi yake ina redio zilizokufa kuliko zinazoishi. Lakini anajua. Hakuichomeka kwenye umeme hivi hivi, alichukua balbu ya zamani ile ya waya ndani, wati 100, akaifunga kwenye njia ya umeme kabla haujafika kwenye amplifaya. Akanambia ukiwasha, balbu ikiwaka kali na ikabaki kali ujue ndani kuna shoti, ikiwaka kidogo halafu ikafifia ujue kapasita zimejaa na mashine ni nzima. Balbu ikawaka, ikafifia. Mzee akatabasamu kama daktari aliyesikia mtoto analia. Akapuliza vumbi, akapiga spreya kwenye volyumu iliyokuwa inakwaruza, na kwenye wufa, ile spika ya besi, ule mpira laini wa pembeni ambao ulikuwa umeoza unamomonyoka kama keki ya juzi akabandika mpya. Elfu sitini jumla, na wiki nzima ya "njoo kesho".

Ila ikaimba! Jamani. Gitaa moja kushoto, lingine kulia, muimbaji amesimama katikati hewani ambako hakuna spika. Nusura nilie pale mbele za watu.

Spika zikatangulia na bajaji pamoja na shemeji, amplifaya nikasema hapana hii naibeba mwenyewe. Nikapanda bodaboda nimeikumbatia, ule uso wa mbele nimeugeuzia tumboni ili vumbi lisiuguse, tukaenda hivyo mpaka Nkuhungu, na njia ile mnaijua ina matuta mangapi. Kila tuta naikumbatia zaidi.

Nafika, nafunga waya, nawasha. Taa zinawaka nzuri, za njano hivi. Sauti hakuna. Nikaongeza volyumu, hakuna. Nikapeleka mpaka mwisho, hata ule mvumo wa shiii hakuna, kimya cha kaburini.

Nikampigia fundi. Akasema, "Mwanangu, bonyeza bonyeza vitufe vya mbele vyote, kimoja kimoja."

Hapo ndo nilipochukia. Yaani mi mtu mzima, nina diploma yangu, naambiwa nibonyeze vitufe kama mtoto aliyepewa kalikuleta? Nikakata simu. Jirani yangu naye akanimalizia kabisa, akasema hao mafundi ndo zao, amenyofoa spea orijino amekuwekea mkweche, we hukuona alivyotabasamu? Nikakumbuka lile tabasamu. Damu ikapanda.

Kesho yake nikaenda pale ofisini nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikamwambia rudisha ulichonyofoa. Mzee akavua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Shikamoo yenyewe hujanipa, mwanangu. Vitufe umebonyeza?" Nikaondoka bila kumjibu.

Nikaamua kujifunza YouTube. Wiki mbili nzima. Nilinunua waya mpya wa spika elfu ishirini na tano. Nilibadilisha nyekundu na nyeusi, nikarudisha. Siku moja nikaifungua tena, nimechomoa umeme na roho yangu imetulia, bisibisi ikagusa miguu ya kapasita kubwa, CHAAA, cheche hiyo, ncha ya bisibisi imeng'oka kipande na mi nimekaa chini bila kukumbuka nimekaaje. Kumbe zile zinaweka umeme ndani hata ukishachomoa. Mama watoto akauliza kutoka jikoni kama nimekufa, nikajibu bado.

Kwa ajili ya kujaribia nilichomeka simu ya zamani ya mtoto yenye kioo kilichopasuka, nikaweka singeli ijirudie yenyewe mfululizo, nikasema siku njia ya sauti ikifunguka nitasikia tu. Simu inapiga, amplifaya imewashwa, volyumu iko mwisho, na nyumba kimya. Jioni moja umeme ukakatika, nikaenda zangu kuoga.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Wakatoliki mnaelewa, mwezi wa rozari, sanamu ya Mama Maria inatembea nyumba kwa nyumba, na siku hiyo zamu ilikuwa yetu. Mi nimesahau kabisa. Natoka bafuni nakuta jumuiya nzima sebuleni, giza, joto la Oktoba, na mama watoto ameshaandaa altare. Altare yenyewe ni amplifaya yangu. Ameifunika kile kitambaa cheupe alichofuma, sanamu juu, maua pembeni, mshumaa. Viti havikutosha, kwahiyo mzee mmoja wa Kigogo, mstaarabu sana, ameshasalimia "mbukwenyi" kwa wote, akajikalia zake juu ya spika ya kulia.

Tukaanza. Tendo la kwanza, yaani fungu la kwanza la rozari, likaisha salama. Tendo la pili katikati umeme ukarudi, watu wakashusha pumzi, nikasikia tak ndogo chini ya kitambaa nikajua ni mjusi.

Tendo la tatu mshumaa ukaanza kulala upande wa maua. Nikasogea kwa magoti, kiungwana kabisa, nikaushika kuusimamisha na mkono mwingine nikaegemea ukingo wa altare. Kidole gumba kikagusa kitu chini ya kitambaa. Kitu kikaingia, halafu kikarudi nje. Tak.

Singeli iliyoingia pale ndani ndugu zangu sio ile mnayoisikia kwenye bajaji. Madirisha yaliitika. Yule mzee kwenye spika alinyanyuka bila kutumia miguu, nasema nilichokiona, akatua mlangoni anaita Yesu na Maria na mtu mwingine wa Kigogo nisiyemfahamu. Mwenyekiti wa jumuiya akaidaka sanamu hewani na kuikumbatia. Mwanangu wa mwisho, miaka minne, akaanza kucheza, na anacheza vizuri, hilo siwezi kukataa. Mi nataka kuzima lakini swichi iko chini ya kitambaa, mshumaa unawaka mkononi, ekstensheni iko nyuma ya kina mama watatu ambao kila mmoja anakimbilia upande wake. Nikapita katikati yao nikang'oa waya ukutani pamoja na soketi yake.

Kimya. Halafu kwenye kile kimya ikasikika sauti moja tu, bibi wa pembeni asiyesikia vizuri, anaendelea na salamu yake taratibu, "...utuombee sisi wakosefu..."

Usiku watu walipoondoka nikafunua kitambaa. Kitufe kimeandikwa TAPE MONITOR. Nikasoma, nikaelewa, nikakaa. Ukikibonyeza, amplifaya inaacha kusikiliza kitu chochote isipokuwa kaseti deki, na deki yenyewe baba mkubwa aliiuza zamani, kwahiyo ilikuwa inasikiliza hewa wiki mbili zote. Nikasimama nikaikumbatia kama nilivyoikumbatia kwenye bodaboda. Kitovu kikagota pale pale kwenye kitufe. Tak.

Asubuhi nikaenda Majengo na mfuko wa zabibu kilo mbili. Shikamoo nikaianza nikiwa bado barabarani. Nikamweleza mzee yote, kitambi, altare, kila kitu. Alicheka mpaka miwani ikabaki inaning'inia na ule uzi. Halafu akawa siriasi ghafla akaniuliza, "Sasa ilipopiga, zilipiga spika zote mbili?"

Nikamwambia zote.

"Besi ilikuwepo?"

Nikamwambia mzee, ilimnyanyua mtu.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua zabibu akaanza kula.

Jumuiya walinisamehe, walitoza kreti moja ya soda. Ila yule mzee wa Kigogo mpaka leo akija kwetu hakai kwanza. Anasimama mlangoni anaangalia kiti, ananiangalia mimi, anauliza, "Na hiki nacho kinaimba?"