Dansi la Dar, konsati za London na hizi meza za VIP

Mtu aliyekaa London akianza kusifu konsati za huku, cha kwanza kukutajia ni saa. Tiketi inasema milango saa moja jioni, msanii wa utangulizi saa mbili, mwenyewe saa tatu kasorobo. Na ikifika saa tatu kasorobo, kweli taa zinazimwa. Naishi huku na sikatai kwamba ni raha. Ila sifa hiyo imenichosha, maana wanaoirudia sana ndio haohao wanaokwenda kuandaa shoo Dar es Salaam wakiwa wameiga kila kitu cha Ulaya isipokuwa saa yenyewe.

Kwanza tuelewane: Mwingereza hakuzaliwa na saa kichwani. Ukumbi una kibali, kibali kina muda wa mwisho, na jirani anajua pa kupeleka malalamiko yake. Tarehe 14 Julai 2012, pale bustani ya Hyde Park, London, Bruce Springsteen wa Marekani alikuwa jukwaani pamoja na Paul McCartney wa Beatles. Muda wa kibali ukapita, sauti ikakatwa. Watu wawili wanaojulikana dunia nzima wakabaki na maikrofoni zisizosikika mbele ya maelfu ya watu. Hata kuuliza "unanijua mimi ni nani?" kusingewasaidia. Wakubwa kama hao wakishazimiwa, mdogo gani atajivuta chumba cha kubadilishia nguo?

Kichekesho ni pale wasanii wetu wanapokuja. Kuna shoo moja ya Bongo Fleva nilihudhuria mashariki ya London, jina la msanii nalihifadhi. Tiketi ilisema saa mbili usiku. Dijei akapiga mpaka saa nne. Emsii akaomba kelele za Tanzania, kelele za Kenya, kelele za Kongo, kelele za waliokuja na wapenzi wao, kelele za waliokuja peke yao. Saa tano kasoro dakika chache mwenyewe akaingia na kundi zima nyuma yake, nusu yao wameshika simu wanajirekodi. Akaimba nyimbo nne juu ya pleibeki, na ya tano ikiwa katikati taa nyeupe za ukumbi zikawaka zote kwa pamoja. Mabaunsa wakaanza kutuelekeza mlangoni, kwa upole lakini bila mjadala. Mbele yangu kulikuwa na dada aliyesafiri kwa basi kutoka Leicester. Alikuwa ameshika viatu mkononi, anamuuliza kila anayepita, "Ndo imeisha?"

Kwangu mimi, kuchelewa ni kosa dogo kuliko hiyo pleibeki. Mtu umelipa, umesimama, umesubiri, halafu unaimbiwa na rekodi ambayo unayo kwenye simu yako, mwimbaji kazi yake ni kutuelekezea maiki tumalizie. Sitasema huku hawatumii sauti zilizorekodiwa. Kwenye pop kubwa zinatumika sana, hasa sauti za waitikiaji na vinanda. Lakini mpiga drams yupo, anatoka jasho, akikosea unasikia.

Na hilo la kukosea ndilo linalonirudisha nyumbani, kwa sababu sisi tuliolelewa na dansi hatukujifunza laivu Ulaya. Msondo imeanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadili jina nayo inabadili, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma, Baba ya Muziki. Mlimani Park, yaani Sikinde, ikaja 1978. Watu wakagawanyika kama wanavyogawanyika kwa Simba na Yanga, na siku ya pambano la bendi hizo mbili ukumbi mmoja ulikuwa unajaa mapema. Kizazi kilichofuata kikawa na Twanga Pepeta pale Mango Garden, Kinondoni, na wale wa FM Academia, Wazee wa Ngwasuma. Wote hao walikuwa wanapiga. Gitaa la solo, rithimu, besi, tumba, tarumbeta, kila kimoja kina mtu nyuma yake.

Anayesimulia dansi kwa wageni huwa anasimulia muziki. Mimi ninachokikumbuka zaidi ni jinsi bendi ilivyokuwa inatuona. Unaingia ukumbini na jamaa zako, viti vya plastiki, meza imelowa bia ya waliotangulia, mhudumu anafuta kwa kitambaa kilicholowa zaidi. Mwimbaji yuko katikati ya ubeti, anakuona, anakuchomekea jina lako pale palipokuwa na nafasi, na wimbo unaendelea. Kama ulimtumia chochote kabla, jina litarudi mara mbili na cheo juu, "bosi" hata kama una kibanda cha kuuza vocha. Wimbo ukifika sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezeka, mpiga solo hatazami gitaa, anatazama sakafu: wakiwepo watu wanacheza anakaa palepale kwenye kipande kile kile mpaka mpiga tumba amuombe huruma, sakafu ikiwa tupu anakata, mnakwenda wimbo mwingine. Mama mmoja anapanda, anamfuta jasho mpiga saksafoni kwa leso yake, anambandika noti kwenye paji la uso, anashuka. Saksafoni haijanyamaza hata kidogo.

Kiufupi urefu wa wimbo ulikuwa mikononi mwetu. Kwenye ukumbi mkubwa kama O2 ya hapa London, unaochukua watu elfu 20, hilo haliwezekani hata wakitaka. Taa, video na moshi vimepangwa kwa sekunde. Mwimbaji akiongeza ubeti mmoja, skrini inamwacha. Nimewaona wasanii wakubwa pale na nikatoka nimeridhika, sauti safi, kila neno linasikika hata ukikaa kule juu darini. Lakini sikuwahi kuhisi kwamba nisingekwenda, kuna kitu kingebadilika.

Huku London mahali nilipokuta kitu cha kufanana na dansi ni pale ambapo usingetegemea: Royal Albert Hall, kwenye Proms, tamasha la muziki wa okestra lililoanza 1895. Kuna tiketi za kusimama za bei ndogo, na wanaosimama ndio wanaokuwa karibu kabisa na wapigaji, wenye viti vya bei wako nyuma yao na juu. Hakuna anayecheza, hakuna anayeitikia. Ukimya wenyewe ndio unaoshangaza. Sehemu moja ya muziki ikiisha na nyingine haijaanza, mara nyingi makofi hayapigwi, ila ukumbi mzima unakohoa. Watu walikuwa wamebana vikohozi vyao robo saa nzima wasiharibu. Nilicheka, kisha nikaona kwamba hawa nao wanajua wapo pale kufanya kazi. Mpiga fidla analindwa na ukimya wao jinsi mpiga solo wa Sikinde alivyokuwa anasukumwa na makelele yetu.

Mila hizi zikikutana inakuwa burudani ya aina yake. Kikundi cha taarab kutoka Zanzibar kilikuja kupiga hapa, viti vimepangwa, Wazungu wengi, Waswahili tumejazana upande mmoja. Ubeti wa pili tu, mama mmoja wa safu ya tatu akajifunga mtandio, akainuka na noti ya pauni kumi kati ya vidole viwili, akaanza kuja mbele kwa mwendo ule wenyewe, bega hili, bega lile, hana haraka na mtu. Baunsa akamkinga. Mama hakugombana, akabaki palepale anacheza mbele ya kifua cha baunsa, noti juu, na mwimbaji naye akamuona, akawa anarudia kiitikio ili kumngoja. Nyuma yake wakajipanga wengine. Muandaaji akaja mbio, akamnong'oneza baunsa, njia ikafunguliwa. Mzee mmoja wa Kizungu naye akaingia kwenye foleni na noti yake ya pauni tano. Alipofika mbele hakujua aiweke wapi, akaishia kumpa mwimbaji mkono, noti ikiwa imefichwa kiganjani, kama dereva anayemalizana na trafiki.

Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Zanzibar 1905, na kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji noti jukwaani, ni sehemu ya taarab tuliyoikuta. Anayetunza anasema kitu pia. Anasubiri ubeti wenye kijembe, ndipo anainuka, na njia anayopita kwenda jukwaani anaichagua, ipite mbele ya mbaya wake. Konsati gani ya Ulaya inakupa nafasi ya kumjibu jirani yako kwa sauti ya mwimbaji maarufu?

Basi msije mkadhani nasema nyumbani kila kitu ni bora. Kuna mambo ambayo huku wametuacha mbali. Kwenye kumbi nyingi mtu wa kiti cha magurudumu ana jukwaa lake lililoinuliwa, anaona kila kitu, na aliyekuja kumsaidia anakaa naye. Maji ya kunywa ukiomba baa unapewa bure, ni sheria kwa wenye leseni ya pombe. Usafiri nao: siku hizi baadhi ya njia za treni za chini zinakwenda usiku kucha Ijumaa na Jumamosi, ikiwemo ile inayopita O2, kwa hiyo binti anatoka konsatini anafika kwake bila kumbembeleza mtu lifti. Dar tulikuwa tunasema muziki mtamu tunakesha mpaka majogoo. Mtamu ulikuwa, ndiyo, lakini wengine tulikuwa tunasubiri daladala ya kwanza.

Usalama siwezi kuwapa maksi zote. Desemba 2022, kwenye shoo ya Mnigeria Asake pale ukumbi wa Brixton, London, watu walisongamana mlangoni, wawili wakafa, mmoja wao mlinzi, na ukumbi ukafungwa mpaka Aprili 2024. Upekuzi wa mikoba unaotukera mlangoni umekazwa tangu bomu la Manchester la 2017 lililoua watu 22 konsati ilipomalizika. Hata huo utaratibu tunaousifu, mwingi umeandikwa baada ya misiba.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Nikirudi likizo naalikwa kwenye matamasha makubwa ya siku hizi. Spika za maana, skrini kubwa, fataki. Mbele kabisa, kuanzia ukingoni mwa jukwaa, zimepangwa meza za VIP zenye vitambaa vyeupe, na nyuma ya meza kuna uzio wa chuma, na nyuma ya uzio ndipo walipo watu wanaoujua wimbo. Msanii anaimbia chupa. Waliokaa mezani hawachezi, wapo kuonekana, wengine wameligeuzia jukwaa mgongo wanapiga picha. Kule nyuma vijana wanaimba neno kwa neno, ila yeye hawaoni, kuna mita nyingi za vitambaa katikati. Akishindwa kuamsha watu analaumu kwamba Dar siku hizi imepoa.

Huo si mtindo wa dansi, kwa sababu kwenye dansi meza zilikuwa pembeni na sakafu ilikuwa katikati, wazi kwa yeyote mwenye miguu. Wala si wa Ulaya. Juni 2023 Burna Boy aliujaza London Stadium, na waliokuwa mbele yake walikuwa wamesimama wanaruka. Sijui nani alitufundisha kwamba heshima ya shoo ni kumweka mbele mtu asiyetaka kuinuka.

Kwamba tunaweza kufanya vizuri zaidi, ushahidi uko hapohapo nyumbani. Watu wa tamasha la Sauti za Busara wapo Ngome Kongwe, Zanzibar, tangu 2004, kila Februari, wanataka vyombo vipigwe laivu, ratiba inabandikwa na watu wanaifuata. Ni kazi ngumu, 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Lakini pale ukiwahi, unasimama mbele, uwe mtalii au muuza madafu.

Promota mmoja ninayefahamiana naye aliniambia nisiongee kama mtu asiyelipa gharama. Meza ndizo zinazorudisha pesa, alisema. Tiketi za kawaida hazitoshi hata kukodi spika. Namwelewa. Tajiri ana fedha na anataka kuzitumia mahali anapoonekana, hakuna ubaya. Ila na huku matajiri wapo, na pale O2 wameuziwa raha yao bila kumziba mtu: vyumba vya kukodi vinavyozunguka ukumbi kwa juu, viti laini, vinywaji vinaletwa. Kuna shoo wanauza hata sehemu ya mbele kwa bei kubwa, lakini aliyeinunua anasimama humo na kutoka jasho kama wengine. Na sisi tuwajengee wenye chupa roshani ya mabomba na mbao, iwe na taa zake na mpiga picha wake, bei ipande mara mbili wakitaka. Huko juu wataonekana vizuri zaidi. Pale mbele wawekwe waliowahi kufika.