Mita 10 au mita 14: katamarani ipi kwa maji ya Lamu?

Mpwa wangu wa Shela anatafuta katamarani ya injini, yaani boti ya viwiliwili viwili vilivyounganishwa kwa sakafu, ya kupeleka wageni Pate na Kiwayu. Amepata mbili, moja ya mita 10 na nyingine ya mita 14, akaniuliza, "Mjomba, nichukue ipi?"

Umbo lenyewe si geni kwetu. Neno limetoka Kitamil, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja, na ngalawa yenye matengo yake, zile mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke, hutulia vivyo hivyo, kwa upana.

Hoja kubwa ya chombo kirefu ni kusi, upepo wa kusini unaochafua bahari. Kati ya viwiliwili viwili pana sakafu, na wimbi likikosa nafasi huipiga kwa chini, kishindo kikakufika mpaka menoni. Kwa kawaida chombo kikubwa huwa na sakafu iliyoinuka zaidi. Tena hustahimili shehena. Viwiliwili vyembamba ukivipakia sana hudidimia majini upesi, mwendo ukapotea na ile nafasi ya chini ikaisha. Nimeiona boti ndogo ya aina hii ikitoka Mokowe na abiria, mifuko ya saruji na kreti za soda. Maji yalikuwa yakiigonga sakafu hata hapo penye utulivu. Anayetaka kubeba kila kitu na asinunue kidogo.

Lakini tupige hesabu. Ukikuza umbo lilelile kutoka mita 10 hadi 14, eneo la kupaka rangi hukaribia kuwa maradufu, na uzito hukaribia mara tatu. Uzito huo utausukuma kwa mafuta kila safari, kusi na kaskazi, upepo wa kaskazini.

Kinachonivuta zaidi ni matengenezo. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Boti ya mita 10 unaipandisha mchangani maji yakijaa. Yakipwa, inasimama yenyewe kwa viwiliwili vyake, bila gadi, mti wa kuegemezea, hata moja. Vijana wawili wanaukwangua upande wa chini na kuupaka rangi, maji yanarudi, inaelea. Mashine zake mbili za petroli zinaning'inia tezi, yaani nyuma, unaziinua usikwangue fungu la mchanga, na mafundi wa hapa wanazijua. Moja ikizima, nyingine inakurudisha nyumbani. Ile kubwa ina dizeli mbili za ndani. Kikiharibika kitu utangoja kipuri kutoka Mombasa huku wageni wakipanda boti ya mwenzio.

Kwa wageni wanane na makasha yao, nimemwambia achukue ya mita 10, na ya Kiwayu wakati wa kusi apitie ndani, nyuma ya visiwa. Ila asilipe kabla ya kuijaribu. Aipakie magunia ya mchanga yenye uzito wa watu hao, aitoe mpaka nje ya Shela alasiri upepo ukivuma, kisha aisikilize sakafu. Ikigongwa mfululizo, airudishe kwa mwenyewe. Ijumaa baada ya sala tunakwenda pamoja.