Thina ikiganda, kuna atakayeiokota

Jumamosi nilikuwa gereji kwa mjomba, karibu na Barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi, nikimngoja amalize bampa ya Probox. Alipomaliza akatia thina, kile kiyeyusho cha rangi, kwenye bunduki ya spreyi, akaipuliza mara mbili tatu hewani, kisha akamwaga kikopo chote mtaroni. Maji meusi yakavaa rangi za upinde wa mvua. Nikamuuliza mbona anaitupa. "Sasa kijana, niiweke wapi? Imeshachafuka."

Swali halali. Oili chafu ya injini haimwagi, kwa sababu wapo wanaoinunua kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Thina chafu haina mnunuzi.

Wiki hiyo nilikuwa nimezama kwenye habari za molekuli zinazogandisha vimiminika vya aina hii: toluini na zailini, ambazo hutiwa kwenye thina, hata petroli. Unatia kidogo tu, mara nyingi gramu moja au mbili kwa gramu 100. Zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa nyuzi nyembamba mno, na nyuzi zinasukana wavu unaonasa kimiminika chote. Ukiona supu ya miguu iliyolala kwenye sufuria inavyoamka imeganda, umeelewa nusu ya kemia hii. Zilizotengenezwa vizuri huchagua: toluini inayoelea inaganda, maji chini yake yanabaki maji, nawe unaokota jeli kwa chujio.

Baadhi zina kipande cha azobenzini, jamaa wa karibu wa rangi nyingi za kutilia nguo. Kipande hicho kimenyooka, lakini kikipigwa na miale ya urujuanimno (UV) kinajikunja. Mwanakemia Hartley alilionyesha hilo mwaka 1937. Molekuli iliyojikunja haipangiki tena na wenzake, basi wavu unalegea na jeli inarudi kuwa majimaji. Dada wa kucha pale mjini anatumia taa ya jamii hiyohiyo kufanya kinyume chake, kukausha jeli kwenye vidole, na ile ikishakauka hairudi nyuma.

Wengi husifia molekuli hizi kwa kusema zitasafisha mito. Mimi sikubaliani nao. Ukisimama darajani juu ya Mto Ngong, upande wa Mukuru, unachokiona ni mavi, plastiki, sabuni na oili vimechanganyika. Hapo jeli haitaokoa kitu. Tena toluini huyeyuka kidogo majini, kama nusu gramu kwa lita, na wavu haunasi kilichokwisha kuyeyuka. Nusu gramu hiyo ni zaidi ya mara 700 ya kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali kwa maji ya kunywa, yaani miligramu 0.7 kwa lita. Utaokota jeli yote, ufurahi, na maji bado ni sumu mpaka yapite kwenye mkaa maalumu.

Mahali pake ni pale kwa mjomba, kwenye pipa, kabla ya mtaro. Na hapo ndipo naona faida ya mwanga. Jeli nyingi unaweza kuziyeyusha kwa moto, lakini toluini hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 10, na jirani wa mjomba anachomelea vyuma kutwa nzima. Mji huu hauhitaji kukumbushwa: Septemba 2011, petroli iliyoingia mtaroni katika mtaa wa Sinai ilishika moto, ikaua watu zaidi ya 100. Jeli nayo inawaka, tusidanganyane, ila angalau haitiririki hadi mlangoni kwa mtu.

Bado pana kasoro. Jua letu la saa sita lina urujuanimno wa kutosha, kwa hiyo pipa lisipofunikwa jeli inaweza kuanza kulegea yenyewe. Mara nyingine molekuli zenyewe huyeyushwa kwanza kwenye kiyeyusho kingine ndipo zimwagwe, jambo linalonichekesha. Na ikishalegea, mtu mwenye mitambo lazima aikeneke thina, yaani aichemshe na kuukusanya mvuke wake, kuitenga na rangi.

Kwa sasa nimempelekea mjomba jerikani la lita 20. Thina chafu ikitulia siku mbili, rangi inazama, ya juu anaoshea bunduki tena. Ile tope ya chini ameniuliza tena aiweke wapi.